Kompyuta Yangu Mnadani, Kati ya Ndizi na Kuku

Alhamisi, 11 Septemba
Mkuu wa shule, Mama Tabitha, katangaza: Ijumaa ya wiki ijayo mimi na Mwalimu Prisca tutafundisha grafu mbele ya wazazi. Atakayefundisha vizuri ndiye mkuu wa idara ya hisabati. Cheo changu hicho! Miaka tisa nakisubiri. Prisca ana chaki tu, maskini. Mimi nina kompyuta. Jioni nimeiagiza ichore grafu yenye umbo la kilima. Nimeoga, nimekula, nimegombana na mke wangu, tumepatana. Bado inachora.

Jumamosi, 13 Septemba
Jamaldini, fundi kompyuta wa Levolosi, kaifungua akacheka peke yake. Kasema inataka memori na kadi ya michoro. Vyote viko kwake nyumbani, niilete kesho mchana na hela.

Jumapili, 14 Septemba
Nimekwenda nayo ibadani, nikitoka nipitilize kwa fundi. Nikaiweka mbele, penye sadaka za mazao. Nani ataiba pale? Akili nyingi!

Baada ya ibada nikabaki ndani najisifu kwa wazazi wawili wa wanafunzi. Kutoka nje, mnada wa zile sadaka umeshaanza. Mzee wa kanisa, Sifaeli, keshauza mkungu wa ndizi na jogoo, sasa kainua kompyuta yangu! Kabla sijafungua mdomo, Mama Tabitha kanishika mkono, kasema hakujua kumbe mimi ni mtoaji kiasi hiki. Ningekanushaje, na cheo kiko mkononi mwake? Nikainunua mwenyewe. Kila nikitaja bei, Prisca anapandisha, anacheka! Hela yote ya kadi imekwenda. Yesu wangu!

Jumatano, 17 Septemba
Nimegundua: tatizo ni joto la huku kwetu Elerai. Nimeipeleka kwa shemeji Elinipa, Olmotonyi, kwenye baridi. Ikaanza kuchora vizuri! Nikaenda kunywa chai. Shemeji kaiona inatetemeka, kaionea huruma, kaifunika blanketi zito. Ikazima.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimeiwasha tangu alfajiri. Prisca kachora grafu tatu ubaoni, wazazi wakapiga makofi. Zamu yangu: kilima nusu. Mzazi mmoja kasema anaujua mlima huo, ni Meru, ule upande uliobomoka. Nikamwambia asubiri upande wa pili. Wakasubiri mpaka wali waliopikiwa ukapoa. Cheo kapewa Prisca. Nimelia chooni, siandiki uongo.

Jumatatu, 22 Septemba
Sikubali! Kosa si langu wala la kompyuta. Ni chaki, inaharibu vifua vya watoto. Nimemwandikia Mama Tabitha barua kali, kurasa nne: Prisca avuliwe cheo, nipewe mimi. Utaratibu wa shule unasema barua ya mwalimu ipitie kwa mkuu wa idara. Mimi ni mtu wa utaratibu. Nimemkabidhi Prisca mwenyewe, bahasha mkononi. Hawezi kuifungua. Nimeandika juu SIRI.