Mtunza Saa Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Ijulikane kwa wote wanaohusika, nao ni mimi peke yangu, kwamba kuanzia leo ofisi hii (meza ya kulia, upande usioyumba) inapima muda wake kitaalamu. Mwenye bohari, mteja wangu wa pekee, hataki tena kulipia ushauri kwa makisio. Anataka saa moja moja, kama mtu anunuaye mayai. Nimeshusha programu tatu kwenye simu. Ya kwanza inataka kadi ya benki. Ya pili inalia kila nikitulia. Ya tatu ni nzuri mno, ila niliisahau ikihesabu tangu chai hadi magharibi, usingizi ukiwemo. Kazi iliyofanyika leo: kuchagua programu.

Dada amepiga simu. Jumapili anakuja kumchukua Baba akakae kwake, eti kwangu mzee anazungumza na ukuta. Nimesema ni uzushi. Baba alikuwa sebuleni, amesimama mbele ya saa ya ukutani, anaiambia kitu.

Jumanne, 4 Machi
Wazo! Baba alikuwa mtunza saa kiwandani, wa kuandika saa za kila mfanyakazi, mpaka alipostaafu. Watu walimwogopa kuliko meneja. Nimempa kazi ya kupima saa zangu. Dada akiuliza, Baba si mpweke, yuko kazini. Mtego mmoja, mawindo mawili. Baba aliingia chumbani, akatoka na koti lake la kiwandani, filimbi shingoni. Sikujua kama bado analo. Limepigwa pasi.

Jumatano, 5 Machi
Mzee hana huruma. Nikienda kunywa maji, filimbi. Nikitazama dirishani, filimbi. Nimemweleza kuwa mshauri hulipwa kwa kufikiri, na kufikiri hufanyika dirishani. Akasema hata fundi mmoja wa mashine alikuwa akifikiri, mpaka mkanda ukamla kidole. Mwenye bohari alipopiga simu, Baba akapuliza katikati ya ushauri. Mteja akauliza kama niko uwanja wa mpira.

Baya zaidi: anaanzisha hadithi mwenyewe, za mashine, za Mama aliyekuwa akimletea chakula getini, kisha muda huo anaukata kwenye saa zangu! Nimelalamika.

“Mteja hawezi kulipia mazungumzo yangu na mwanangu,” akasema. “Hayo ni yetu.”

Alhamisi, 6 Machi
Mbinu mpya: kutozungumza. Nimemwomba Baba, kwa heshima zote, tusalimiane asubuhi na jioni tu. Aliitikia kwa kichwa kama aliyepokea amri kutoka juu. Filimbi haikulia siku nzima. Saa safi, hazina doa. Ushindi! Mchana alikohoa kile kikohozi chake cha kuanzia hadithi. Nikainamia kompyuta. Kikapita.

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye bohari amezikubali saa zote bila neno. Haijawahi kutokea. Nilitaka kumwambia Baba, lakini zilikuwa saa za kazi.

Jumapili, 9 Machi
Dada amekuja. Nilikuwa nimepanga hotuba: mzee ana cheo, ana koti, anataka nini tena? Dada akamwuliza Baba, taratibu, kama angependa kubaki. Baba akanitazama mimi. Bahati mbaya mwenye bohari alikuwa kwenye simu. Nikainua kidole, yaani nisubirini kidogo. Baba aliiangalia saa ya ukutani, akavua filimbi, akailaza mezani.

“Twende, mama,” alimwambia Dada. “Huyu zamu yake haijaisha.”

Dada hakunigombeza. Angenigombeza, ningekuwa na la kujibu. Mwenye bohari, kumbe, alikuwa amepiga kunitakia Jumapili njema.

Jumanne, 11 Machi
Programu ya nne. Hii ndiyo yenyewe! Nyumba imetulia, hakuna maji, hakuna dirisha, hakuna hadithi. Nimefanya kazi kuliko kiwanda. Kasoro ni moja tu: saa ya ukutani imesimama. Nimenunua betri. Nimeigeuza saa, haina pa kutia betri. Usoni ina tundu la kuitia ufunguo iende, na pembeni pa tundu pamelainika kwa vidole. Kumbe ndicho alichokuwa akifanya pale ukutani kila asubuhi.

Nilitaka kumpigia nimwulize ufunguo uko wapi, lakini programu ilikuwa imeshaanza kuhesabu. Nitampigia zamu ikiisha.

Programu hii haina filimbi.