Blindado la Bibi Atija na Tumbo Langu

Leo nimeaibika mbele ya wilaya nzima. Naandika mwenyewe, mapema, kabla hamjasikia kwa Momade, maana Momade akisimulia huongeza chumvi, na kisa hiki chumvi kinayo tayari.

Kwa wageni wa kundi hili: naitwa Abudo, fundi magari, mzaliwa wa Mocímboa da Praia. Nilihamia Palma mwaka juzi, gesi ilipogunduliwa baharini na kila mwenye spana akakimbilia huku. Kazi yangu ni magari ya wageni wa gesi. Ugonjwa wangu ni magari ya zamani ya jeshi. Wengine wakiona kutu wanapita, mimi nasimama. Mke wangu anasema ningemtazama yeye kama ninavyotazama gia boksi iliyotupwa, angekuwa mwanamke mwenye raha kuliko wote Cabo Delgado. (Hajakosea.)

Sasa, juu kilimani, uani kwa Bibi Atija, kuna blindado. Ndivyo tunavyoliita lile gari la vita la chuma, lenye magurudumu manne na tundu juu ya paa, walilotembelea askari wa Kireno. Walipoondoka waliliacha, na marehemu mume wa Bibi Atija, aliyekuwa dereva wa serikali, akalichukua. Siku hizi juu yake inaanikwa mihogo na chini yake wanalala mbuzi. Kila nikipita pale moyo unaniuma kama nimeona mgonjwa kalazwa nje bila shuka.

Nimekwenda kumwomba aniuzie mara saba. Mara saba kanipa chai, mara saba kaninyima gari. Na si mimi tu. Alikuja tajiri mmoja wa Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, anayekusanya magari kama hayo, akarudi kwao na kifurushi cha mihogo mikavu. Mtaani wanasema bibi ni mkaidi, chuma kinaoza naye kakikumbatia. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Jana nikajigamba. Wenyewe mlisoma nilichoandika humu: "Kesho blindado linakuwa langu, andaeni pongezi." Mkanipongeza. Nikazipokea zote, hata sikuona haya.

Nilikuwa na mpango, bwana. Nitamwonyesha bibi kwa macho yake kwamba gari limekufa: sakafu imeoza, magurudumu yameganda, halitasogea tena. Akishaona, atakata tamaa na kuniuzia. Nikamchukua rafiki yangu Momade, fundi wa kuchomelea, awe shahidi.

Tulifika saa nne asubuhi. Bibi Atija alikuwa anapeta mchele. Ni mwanamke mfupi, kapita miaka sabini, na hana haraka na neno lolote. Akatupa chai. Huko chini, kwenye uwanja wa mpira, ngoma zilikuwa zimeshaanza. Leo wageni wa gesi walikuja kuzungumza na wananchi, na administrador, mkuu wetu wa wilaya, aliwawekea mahema, meza kuu yenye kitambaa, na kina mama wa ngoma ya tufo wa kuwachezea. Kutoka uani kwa bibi tuliwaona vizuri. Uwanja uko chini, sisi tuko juu, na katikati kuna njia moja iliyonyooka.

Nikatoa hotuba yangu. Nikamweleza habari za kutu, za chuma kuchoka, za nati kushikana na boliti mpaka zinakuwa kitu kimoja. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini.

"Haliuzwi, mwanangu," akasema. "Na halijafa."

Nikacheka kwa heshima, kama daktari anavyowacheka ndugu wa mgonjwa. Nikamwambia basi nitamthibitishia.

Milango ya ubavuni bibi kaifunga kwa mnyororo, kwa hiyo njia ilikuwa lile tundu la juu. Nikapanda. Nikaingiza miguu, nikaingiza makalio. Tumbo likagoma. Nikatoa pumzi yote niliyokuwa nayo, likapita. Momade akaniuliza kama nimefikiria habari ya kutoka. Nikamwambia anyamaze.

Ndani nilitegemea kukuta popo. Nikakuta sakafu imefagiliwa, na harufu ya grisi mbichi. Fundi mwenye akili angejiuliza nani kaipaka grisi hiyo. Mimi sikujiuliza. Nilimwambia Momade atoe mawe yaliyozuia magurudumu, kisha nikapaza sauti kwamba sasa naachia breki ya mkono, na bibi atajionea gari halisogei hata upana wa kidole.

"Usiiguse hiyo," bibi akasema.

Nikaigusa.

Kwanza hakikutokea kitu. Nikaanza kutabasamu. Halafu mbuzi wote wakatoka mbio chini ya gari. Mbuzi wanajua mambo.

Blindado likaanza kuteremka.

Nikavuta breki irudi. Ule mkono wa chuma ukakatika, nikabaki nao kama mtu aliyepewa mwiko. Nikakanyaga breki ya mguu, ikazama kama nimekanyaga uji. Gari likapita kwenye uzio wa mianzi kana kwamba uzio haukuwepo. Likazoa kamba ya nguo, na kapulana zote za Bibi Atija, vitenge vyake vya kujifunga, zikajitandaza mbele, nyekundu, njano na kijani, zikipepea. Usukani haukuwa na kazi, maana njia ile imechimbwa na mvua mifereji miwili na magurudumu yalikaa humo kama kwenye reli. Kilichobaki ni kuwapigia watu kelele wapishe. Nikainuka kupitia tundu. Kichwa kikatoka, mabega yakatoka, mkono wenye chuma ukatoka. Tumbo likafika pale pembeni pa tundu, likakaa. Mbele haliendi, nyuma halirudi.

Hebu nitazameni kwa macho ya watu wa uwanjani. Wamekaa juani wanasubiri hotuba. Mara kutoka kilimani linateremka gari la vita lililopambwa, na juu yake kasimama mwanamume mnene, kifua mbele, fimbo ya chuma juu kama kamanda. Nilikuwa napiga kelele kwamba halina breki. Ngoma zilinimeza. Wao waliona nawasalimu, wakapunga mikono. Mshereheshaji wa shughuli naye hakutaka kuonekana hana habari, akashika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa historia yetu inaingia uwanjani. Kina mama wa tufo wakapiga vigelegele. Mgeni mmoja mwenye kofia ngumu akasimama wima, akanipigia saluti.

Nami, sijui shetani gani alinipitia, nikamjibu.

Watu wakapisha, namshukuru Mungu, tena walipisha kwa heshima kama wanavyompisha bibi harusi. Magurudumu yakaingia kwenye mchanga wa uwanja, mwendo ukapungua, ukapungua tena, na blindado likasimama hatua chache mbele ya meza kuu. Lilisimama kwa ustaarabu ambao sijauona kwa dereva yeyote wa Palma.

Uwanja mzima ukapiga makofi.

Administrador akaja na kipaza sauti mpaka chini yangu, uso umejaa furaha, akaniuliza mbele ya watu wote gari hili la kihistoria ni la nani.

Ndugu zangu, nafasi ilikuwepo. Neno moja tu, "langu", na wilaya nzima ingeamini. Na nyinyi humu mngeamini, mlikuwa mmeshanipongeza. Lakini nilikuwa namwona Bibi Atija akiteremka ile njia na fimbo yake, bila haraka, akiinama kuokota kapulana zilizodondoka, moja moja, akizikung'uta vumbi.

"Ni la Bibi Atija, shefe," nikamjibu mkuu. "Mimi nimekwama tu."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kicheko kilianzia kwa kina mama, kikaenda kwa wanafunzi, kikamalizia kwa wageni, ambao ilibidi wasubiri mkalimani wao.

Ikabaki kazi ya kunitoa. Kina mama wa tufo wakaleta mafuta ya nazi kutoka kwenye masufuria ya wageni, wakanipaka kiunoni bila kuniuliza. Momade, aliyekuwa amefika akihema, akanishika kwapa hili, na kiongozi wa tufo, mwanamke mwenye mikono kama ya mpagazi, akanishika lile. Wakavuta kwa kufuata ngoma. Katika pigo la nne nikatoka kama kizibo cha chupa.

Suruali haikutoka.

Nikajikuta nimesimama juu ya paa, nang'aa mafuta, mbele ya mkuu wa wilaya, wageni wa kimataifa, shule ya msingi nzima na mashehe wawili, nimevaa bukta aliyoninunulia mke wangu sokoni Mtwara. Ina maua. (Makubwa. Ya waridi.) Mashehe walitazama bahari. Bibi Atija, aliyekuwa amefika, akanirushia kapulana moja, nikajifunga.

Hapo mgeni aliyenipigia saluti akamsogelea bibi. Kwa mdomo wa mkalimani akasema wanalitaka gari lile waliweke langoni kwenye kambi yao, litapigwa rangi, litawekewa taa, na bibi ataje mwenyewe anachotaka. Watu wakasogea karibu. Wengi pale wameuza mashamba yao siku hizi kwa ahadi nyepesi kuliko hiyo.

Bibi akaomba kipaza sauti.

Akaeleza kwamba magari yalikuwa mawili. La pili lilikuwa lori. Alikuja mtu mpole, akasema atalikarabati na kulirudisha siku moja alione linavyonguruma. Akampa. Baadaye ndugu zake wa bandarini Mocímboa wakamwambia wameliona, limekatwa vipande, linapakiwa melini kama vyuma chakavu. Tangu siku hiyo mtu akimtajia kukarabati, yeye humpa chai.

Na hili blindado, akasema, ndilo lililombeba mwaka ule mvua ilipoikata barabara ya Pundanhar naye akiwa na uchungu wa kuzaa. Hakuna gari jingine lililoweza kupita kwenye tope lile. Mumewe aliendesha analia. Kabla hawajafika Palma binti yao wa kwanza alishazaliwa, humo humo ndani, na leo ni mwalimu. Mume alipokuwa anakufa alimwachia maagizo: magurudumu yatiwe grisi, na kila mwaka kabla ya mvua majirani walisukume mbele kidogo na nyuma kidogo, yasigande. Hajaruka hata mwaka mmoja.

"Mnakuja hapa mnaniambia limekufa," akamalizia. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu."

Jamani, bukta ile si kitu. Hapo ndipo nilipoaibika kweli. Miaka miwili nakunywa chai ya mwanamke huyu, na sijawahi kumuuliza swali lolote isipokuwa atauza lini.

Basi nikamuuliza, pale pale, kwa sauti ya chini, nimeshika fundo la kapulana kiunoni. Nikasema, "Bibi, na injini je?"

Akanijibu kwamba injini ilisimama wakati wa vita vya pili, vile vya wenyewe kwa wenyewe, vipuri vilipokosekana, na mumewe alikufa nalo jambo hilo moyoni. Magurudumu anayajua, injini haijui.

"Njoo Jumatatu na spana zako," akasema. "Utaifungulia uani kwangu, mbele ya macho yangu. Haitoki hata nati moja."

Nilikubali kabla hajafunga mdomo. Mgeni naye, nampa heshima yake, aliposikia tafsiri alivua ile kofia ngumu, akamwinamia bibi kichwa, hakurudia tena habari ya kununua.

Ikabaki kulirudisha juu. Bibi akatoa ufunguo kwenye pindo la nguo yake, akafungua mnyororo, akaingia kwa mlango kama mtu mwenye heshima zake, akakaa kwenye usukani. Kina mama wa tufo wakashika kamba mbele wakiimba. Administrador akavua koti. Wageni wakasukuma, mashehe wakasukuma, wanafunzi wakasukuma na kusukumana. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, bega kwenye chuma, mkono mmoja kwenye kapulana, na tulipofika katikati ya kilima nikasikia mtu anacheka kwa furaha kama mwehu. Nilikuwa mimi.

Mawe ya kuzuia magurudumu aliyapanga bibi mwenyewe. Hakumruhusu mtu.

Kwa hiyo pongezi za jana nazirudisha, zilikuwa za uongo. Naomba za leo. Blindado si langu na halitakuwa langu, ila katika mafundi wote waliowahi kulililia, kuanzia hapa hadi Pemba, ni mmoja tu aliyeruhusiwa kuigusa injini yake.

Momade ana video. Ichekeni leo mpaka muishiwe, nawaombeni, kwa sababu Jumatatu nina kazi.