Mvi za Pamba na Bima ya Meli

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kapiga simu! Ni mpishi kwenye meli ya watalii, ile kubwa yenye vyumba kama hoteli. Miaka minne sijamshika shavu. Kampuni yake inatoa nafasi mbili za bure kwa jamaa za wafanyakazi. Wiki nzima baharini, kuzunguka visiwa na kurudi. Moja yangu, ya pili ya shangazi yake, yaani wifi yangu. Nilishangilia mpaka sindano ikanichoma. Meli inaondoka Jumamosi ya wiki ijayo.

Lakini nyama haikosi mfupa. Kila abiria lazima awe na bima ya safari. Ukiugua katikati ya maji, bima ndiyo inamlipa daktari, na helikopta ya kuja kukuchukua. Bila bima hupandi, hata kama mpishi umemzaa wewe.

Wifi keshakata yake. Kaja nayo hapa dukani kwangu, ninaposhona mito na magodoro, akaketi juu ya godoro la mteja bila kuuliza. Kasema bei ilikuwa ya kutupa. Kaniamkia shikamoo huku anatazama ukuta, kama kawaida yake. Nikaitikia marahaba mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akageuka, kama kawaida yangu.

Niandike kwa nini wifi, jirani yetu wa utotoni aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, ananiamkia mimi. Siku ya kuandikishwa vitambulisho nilitoka moja kwa moja kwenye kuchambua pamba. Kichwa cheupe pe! Mwaka niliozaliwa siujui, kwetu hakuna aliyeandika. Karani akaziangalia nywele, akakadiria. Akaniweka juu ya wifi kwa miaka miwili. Mimi ni nani nibishane na serikali? Tangu siku hiyo shikamoo ni yangu.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ofisi ya bima alikokatia wifi, ile iliyo juu ya duka la viatu. Kuna binti mwenye miwani, mpole, mwembamba mno. Kanipa kiti na maji. Kabonyeza kompyuta, kanitajia bei. Nikamwambia nimekuja kukata bima, sikuja kuinunua meli. Kacheka mpaka kavua miwani. Kasema ukivuka sabini na tano bei inapanda mara tatu. Kitambulisho changu kinasema sabini na sita. Cha wifi, sabini na nne. Kumbe!

Nikaanza kupatana. Nikamwambia atoe helikopta, mimi si wa kupaa. Haitoki, kasema. Basi anikatie ya usiku tu, mchana nitajiangalia mwenyewe. Hakuna. Ya magoti peke yake? Hakuna. Nikainuka taratibu nikaelekea mlangoni. Sokoni huwa unaitwa kabla hujafika kizingiti. Nikafika kizingiti. Nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba. Hakuniita. Nikarudi mwenyewe, nikasema nimesahau mwavuli.

Kaniuliza maradhi. Nikasema sina hata mafua. Nikautikisa mkoba kumwonyesha nilivyo imara, vidonge vya presha vikalia kama njuga. Akasema, bibi, ukificha ugonjwa halafu ukakuangusha, kampuni hailipi hata senti. Ukiutaja, bei inaongezeka kidogo lakini unasafiri na moyo wako. Nikamwambia zile ni peremende. Akaomba moja.

Jumatano, 5 Machi

Ofisi nyingine, karibu na benki. Leo na akili! Alfajiri nimepaka nywele rangi, nyeusi ti. Mvi za kweli ninazo chache, za pamba ndizo nyingi, lakini sikutaka kubahatisha. Nikavaa gauni la maua la mke wa mwanangu. Halikufunga mgongoni, nikaweka mtandio.

Afisa wa pale ni baba mnene anayekula karanga juu ya meza ya kazi. Nikatembea kwa kuruka ruka. Nikamwambia mimi ni wa sitini na kitu, kitu chenyewe kidogo. Hakunitazama hata mara moja! Kaitazama kadi tu, kataja bei. Ya huyu ni kubwa kuliko ya jana. Mshangao ukanitoa jasho, jasho likashuka na rangi, rangi ikashuka shingoni, ikadondokea karanga zake. Kaniomba nitoke nje nikapate hewa.

Nyumbani mke wa mwanangu kauliza nani kachafua gauni lake. Nikamwambia kuna jambo zito linanitesa, asiniongezee. Kaniogesha kichwa mwenyewe, maskini. Nimepata mkwe. Namfokea kila siku ili asijue.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwa Binti Miwani. Nilimpelekea mto wa kukalia. Kiti chake kigumu, na yeye hana nyama. Akasema kampuni hairuhusu zawadi. Nikamwambia si zawadi, ni amri. Akaukalia.

Kauliza inakuwaje bibi wa sabini na sita anapanda ngazi zile huku anaongea. Basi nikamsimulia habari ya karani na pamba. Akapiga meza! Akasema kumbe kadi ndiyo yenye kosa. Linarekebishwa kwa kiapo: mtu mzima wa familia, aliyekuona ukizaliwa, anaapa mbele ya wakili. Ofisi ya vitambulisho inakupa karatasi ya muda wakati kadi mpya inasubiriwa, na yeye ataipokea. Nikamwambia wifi alikuwa wa miaka sita nilipozaliwa, watu wote walisema hivyo. Kapiga hesabu. Nina sitini na nane! Bei yake ni chini hata ya aliyolipa wifi.

Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha akauliza nani bado yu hai aliyeniona nikizaliwa. Nikanywa maji yote yaliyokuwa kwenye glasi. Nikanywa na ya kwake.

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda kwa wifi. Afadhali nibaki nchi kavu. Bahari nini? Maji na chumvi. Nimeshona mito siku nzima, yote imekuwa migumu kama mawe.

Jioni binti kapiga simu. Kasema kaniwekea kiti karibu na mlango wa jikoni, ili kila akitoka anione. Kaomba ruhusa kwa mkuu wake mwezi mzima uliopita. Nikamwambia nishafungasha.

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Kesho nakwenda.

Jumamosi, 8 Machi

Wifi alikuwa uani, analisha kuku. Nilikuwa na mito miwili mipya, ile ya pamba safi. Mpango wangu: atoe kiapo leo, shikamoo iendelee kwenda njia ile ile. Kiapo ni cha wakili, salamu ni za nyumbani.

Wifi si mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua mito, akaibonyeza, akaiweka ndani, akafunga mlango. Ndipo akasema ataapa kwa moyo mweupe. Sharti moja. Nimwamkie mbele ya wakili, kwa sauti, kama ninavyoitikia dukani. Na kuanzia hapo daima.

Nikamwambia ana roho ya jogoo. Akasema na mimi nina kichwa cha godoro, hata ukikipiga hakisikii. Nikamwambia kaka yake, marehemu mume wangu, alikuwa na bahati kunioa na bahati mbaya kuzaliwa naye. Akasema marehemu alinioa kwa sababu yeye ndiye aliyemsukuma. Hiyo ni kweli. Kuku wakala.

Akauliza kwa nini nang'ang'ania. Nikamwambia nilizaliwa wa mwisho, nikaolewa na mtoto wa kwanza. Maisha yangu yote nimeamkia kila mtu mpaka mbuzi wa baba mkwe. Ukiondoa za watoto, salamu yangu ya kuitikia ilikuwa moja tu. Yake.

Akanitazama sana. Nilidhani kalainika. Akasema, Jumatatu saa nne, usichelewe.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya aibu. Chumba cha wakili kidogo, feni inalia. Wakili mwenyewe kafunga tai fupi. Wifi kaja na vazi la sikukuu na wanawake watatu wa jirani, eti walikuwa wanapita!

Kaapa vizuri. Kasema alikuwepo, alitumwa maji ya moto, akarudi akanikuta ninalia. Kasema alinibeba mgongoni mpaka nikaweza kutembea, na kwamba nilimkojolea siku ya harusi ya shangazi yake. Wakili kauliza kama hilo liandikwe. Wifi kasema liandikwe.

Kisha wote wakanigeukia. Nikasema shikamoo. Wifi kauliza nani kaongea, feni inapiga kelele. Nikarudia. Kashika sikio. Nikapiga shikamoo ya kuvunja kioo! Wale wanawake wakapiga vigelegele. Wifi kafumba macho, kama anaonja. Halafu kasema marahaba, mwanangu, na machozi yakamtoka. Nikamfuta kwa mtandio wangu, kwa nguvu, ajue bado sijamsamehe.

Jumatano, 12 Machi

Karatasi ya muda nimepata. Kadi ya zamani wameitoboa tundu pembeni, wakanirudishia niwe nayo mpaka mpya itoke. Nikapanda kwa Binti Miwani. Presha nimeitaja mwenyewe! Vidonge nimevipanga mezani. Bei imeongezeka kidogo, kama alivyosema. Nimelipa. Ninayo! Helikopta yangu ndani yake.

Wifi alikuwa pembeni, kaja kunitazama nikilipa. Ngazi zimemmaliza, kifua kinapiga filimbi. Binti Miwani akauliza kwa upole kama pumu hiyo ya bibi ilitajwa kwenye bima yake. Wifi katazama dari. Kumbe hakuitaja! Ndiyo maana bei ilikuwa ya kutupa!

Mbingu zilifunguka. Ningeweza kucheka mpaka Jumamosi. Badala yake nilisikia baridi. Nikamwona amelala kwenye chumba cha meli, filimbi inapiga, na hakuna helikopta. Nikamkalisha kitini, nikamwambia aitaje sasa hivi, yote, na dawa yake aionyeshe, la sivyo sitatoka mlangoni. Kasema mdogo haamrishi mkubwa. Nikamwambia, shikamoo, taja pumu!

Kaitaja. Kaongeza pesa. Njia nzima ananiita askari. Amenishika mkono lakini.

Jumamosi, 15 Machi

Tuko melini! Binti yangu alikuwa juu ya ngazi, kofia nyeupe, uso wangu mtupu. Nimemshika mashavu yote mawili mpaka abiria wa nyuma wakaguna. Amenenepa. Asante Mungu.

Chumba kidogo, safi, dirisha la duara. Mito imejazwa ovyo, yote imekimbilia pembe moja. Nimeifumua mishono na kuipanga upya. Wifi kasema nimeharibu mali ya kampuni. Kalala dakika hiyo hiyo.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema kuliko zote. Chai, upepo, mwanangu akitoka jikoni kila mara kuniangalia. Asubuhi nimemwamkia wifi. Haiumi sana ukiisema haraka.

Jioni ukumbi ulijaa. Nahodha kashika kipaza sauti. Kasema kwa desturi ya meli hii, abiria mkubwa kuliko wote ataketi meza yake usiku wa leo, kisha atapanda naye kupiga honi. Nani kavuka sabini? Wakainuka wachache. Sabini na mbili? Wakabaki watatu. Sabini na nne? Wifi peke yake, kanyooka kama mlingoti, ananitazama.

Sikupanga. Naapa sikupanga. Mkono ulijiendea wenyewe kwenye mkoba. Kadi ya zamani, kidole gumba juu ya tundu. Nikapaza sauti, sabini na sita!

Wakapiga makofi. Wifi kaketi polepole. Nilikula na nahodha, mtu mzuri, anakula haraka. Kisha honi! Ilinitikisa mpaka meno. Baharini kote wamenisikia. Wakati wa kushuka ngazi nilikuwa nawapungia watu mikono yote miwili.

Usishuke ngazi ukipunga mikono yote miwili.

Jumatatu, 17 Machi

Naandikia kitandani, katika zahanati ya meli. Kifundo cha mguu kimevimba kama mto mpya. Si kibaya. Binti analeta supu kila mara na kunigombeza kwa maneno yangu mwenyewe. Wifi kalala usiku kucha kwenye kiti pembeni yangu, filimbi ikipiga, mguu wangu mapajani mwake. Hakunisemesha mpaka asubuhi. Nikamwamkia, nikarudia, nikaongeza na ya jioni. Kaitikia ya tatu.

Daktari kaja na karatasi za bima. Kauliza jina, kauliza maradhi, nikajibu bila kigugumizi. Kauliza umri.

Nikamwuliza, wa matibabu au wa meza?

Wifi kacheka mpaka kavuta dawa yake. Daktari kaandika sitini na nane, bima inalipa kila kitu. Kisha kaniambia, kunifariji tu, kwamba kesho usiku kuna mchezo na zawadi yake ni shuka za hariri. Zinakwenda kwa abiria mwenye wajukuu wengi kuliko wote.

Ninao tisa. Wifi anao kumi na moja. Lakini watoto wa jirani nao wananiita bibi, na hakuna kadi inayohesabu wajukuu.