Wiki Dola Ilipoanguka New Hope

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza lisije likapotea katikati ya mengine.

Jana baada ya ibada Mchungaji Rukundo alitangaza kwamba Jumapili ijayo Ushirika wa Waswahili wa mji wetu huu wa ughaibuni, New Hope, utapiga kura kumchagua mwenyekiti. Kura ya nini? Mwenyekiti ni mimi. Tangu ushirika uanze ni mimi. Hakuna aliyewahi kunichagua na hakuna aliyewahi kulalamika. Miaka tisa nafungua ukumbi, nawasha joto, napanga viti, nakwangua barafu mlangoni watu wasivunjike nyonga. Sasa nina mpinzani. Sosthène, Mkongomani, mwalimu wa kwaya, anafua mashuka katika hoteli moja kule Bloomington. Mtu mpole. Sijui kitu kinachoudhi kama mpinzani mpole.

Na alipofika hapa amevaa koti la msaada lililomfunika mpaka vidole, nani alimpa kiti? Mimi. Tena kile chenye mto.

Leo kazini nikapata mwanga. Mzee ninayemtunza Saint Louis Park hasikii vizuri, kwa hiyo televisheni yake huunguruma mpaka vikombe vinacheza, na yeye hatazami kitu ila historia. Elimu yangu yote imeniingia kwa kelele hiyo. Leo ilikuwa dola ya Kirumi na kwa nini ilianguka. Warumi walichoka kushika ngao zao wenyewe. Wakawapa wageni wawashikie. Wageni wakawa majemadari. Siku moja jemadari mmoja akamwambia mfalme akapumzike.

Nikaacha kukunja nguo. Mgeni ni Sosthène. Mfalme sitamtaja.

Jumanne, 4 Machi

Mpango umeiva. Jumamosi nitatoa hotuba pale ukumbini, siku moja kabla ya kura. Jina la mtu halitatajwa. Nitasimulia Rumi tu, polepole, mpaka kila mwenye akili ageuze shingo amtazame Sosthène. Mchungaji amekubali mara moja, akasema ni vizuri waumini wapanue mawazo. Maskini.

Tangazo nimeliandika mwenyewe nikalituma kwenye kundi la simu: KUANGUKA KWA DOLA. Dalili zake, chanzo chake, na nani wa kulaumiwa. Jumamosi saa nane mchana. Njoo usikie kabla hujachelewa.

Mke wangu Serah alilisoma mara mbili. Akaniuliza, Baba Natasha, una hakika watu wataelewa ni dola gani? Nikamuuliza dola kubwa zilizoanguka anazozijua yeye ni ngapi. Akaenda kulala. Serah ni muuguzi, kila kitu anakiona kina ugonjwa.

Jumatano, 5 Machi

Sikutegemea hili. Simu haijapoa tangu asubuhi. Griffins, dereva wa lori, mtu ambaye hata Krismasi hatumwoni, amepiga kutoka barabarani kuuliza kama anaweza kuja na mashemeji zake. Nikamwambia ukumbi ni wa wote. Watu wana kiu ya historia na mimi miaka yote nimewapa viti tu.

Joan wa Brooklyn Park alipiga na sauti inayotetemeka. Alitaka kujua itaanguka kabla ya mwisho wa mwezi au baada. Nikamwambia kwa upole, dada yangu, ilishaanguka zamani. Akasema, "Ilishaanguka?" na simu ikakatika. Sikujua Joan ana moyo mwepesi hivyo kwa mambo ya kale.

Halafu mama Générose, wa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Yeye aliuliza kama ni heri aendelee kuishika au aipeleke nyumbani mapema. Bila shaka alisema keki ya Jumamosi. Nikamwambia aipeleke nyumbani, chakula kitakuwa kingi.

Alhamisi, 6 Machi

Sosthène amekuja kwangu. Amevua viatu mlangoni bila kuambiwa, ili tu Serah aone. Akaniita papa président, yaani baba mwenyekiti. Akauliza anaweza kunisaidia nini, maana anasikia watu watakuwa wengi.

Hapo nikaona mtego wa pili, bora kuliko wa kwanza. Nikampa ufunguo wa ukumbi. Nikamwambia afungue, awashe joto, apange viti, akwangue barafu. Watu wakimkuta anatoka jasho na viti mikononi watajua nafasi yake. Mimi nitaingia baadaye nikiwa na karatasi. Mwenyekiti hasomi hotuba huku suruali ina vumbi.

Akaupokea ufunguo kwa mikono miwili. Kabla hajaondoka akaniuliza, "Lakini papa, kwetu dola ikianguka mutu ananunua mbuzi. Huku pia ni mbuzi?"

Nikamwambia katika kuanguka huku hakuna mbuzi. Mbuzi! Ndiye anayetaka kunirithi huyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeijaribu hotuba mbele ya mzee wangu wa kazini, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kushindana na televisheni. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo nyumbani halijatokea. Kisha akasema wataalamu wamegombana juu ya Rumi karne nyingi na kila mmoja hutoka na sababu yake mkononi. Akasema siku Rumi ilipoanguka watu wengi walikuwa wanakamua mbuzi, wala hakuna aliyekwenda kuwaambia.

Mbuzi tena. Kuna mtu anawatuma.

Nimeongeza ukurasa mmoja unaoeleza kwamba washenzi walioiangusha Rumi walikuwa na kwaya nzuri sana. Historia haisemi hivyo, lakini haikatai. Serah amelifuta neno washenzi kwa kalamu nyekundu. Akasema nikilitamka mbele ya mama Générose nisirudi nyumbani kutafuta chakula. Nimeandika wageni.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika kwa hasira, kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Ukumbi ulijaa. Watu walisimama mpaka kule nyuma panapotundikwa makoti. Sosthène alikuwa mlangoni anampokea kila mtu na kumtafutia kiti, na kila mtu anamshukuru. Hilo sikulipanga.

Nikasimama. Nikasema, ndugu zangu, dola imeanguka. Ukumbi mzima ukaguna. Mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia. Sijawahi kupata wasikilizaji kama wale. Nikapandisha sauti: ilianguka mia nne sabini na sita!

Griffins akainua mkono. "Mzee, leo asubuhi kwa dola moja wamenipa shilingi mia na ishirini na kitu. Kama ni mia nne sabini na sita, hapo si imepanda?"

Watu wakapiga makofi. Mashemeji wa Griffins wakakumbatiana. Nikawaambia watulie, huo ni mwaka. Mwaka wa nini, wakauliza. Nikasema wa Rumi. Sauti ikatoka kwenye makoti: "Rumi ndiyo nani?"

Basi ndipo mambo yakafunguka. Wote, wote kabisa, walikuja kusikia habari za dola ya mfukoni. Griffins ameshanunua mbuzi huko Kajiado, kwa simu, hajui hata wanakunywa maji wapi. Mama Générose amebadilisha akiba yake yote kuwa faranga. Joan amepeleka kodi ya nyumba ya mwezi huu Kitengela, kwa ajili ya kiwanja. Akaja mpaka mbele, akasimama chini ya pua yangu. "Baba Natasha, nilikupigia. Nilikuuliza vizuri. Ukaniambia ilishaanguka, tena ukaniita dada."

Nikajibu kwamba kosa si langu mtu akikosa kusoma vitabu. Hapo kelele zilizozuka mzee wangu wa kazini angezisikia bila kifaa cha masikio.

Aliyezituliza ni nani? Sosthène. Hakuja hata mbele, alisimama palepale na kiti mkononi. Akasema, "Papa alisema dola ya bafalme, siye tukasikia dola ya mufuko. Ni masikio yetu. Lakini hakuna mutu atalala inje. Kesho kutwa nitaenda na Joan kwa mwenye nyumba." Akamwambia Griffins kwamba mbuzi hawaozi. Watu wakacheka. Wakanywa chai.

Ukurasa wa kwaya sikuufikia.

Jumapili, 9 Machi

Nilikusudia kuwahi, nisimame mlangoni, nipeane mikono na kila mpiga kura. Kumbe usiku saa zimesogezwa mbele na saa ya jikoni kwetu haina habari. Serah ndiye huisogeza, na alikuwa zamu. Serikali imeniibia saa nzima ya utawala wangu.

Nilipoingia nyimbo zilikuwa zimekwisha. Viti vilikuwa vimepangwa nusu duara, kila mtu anamwona mwenzake. Miaka tisa sikuwahi kufikiria nusu duara. Mbele kabisa kulikuwa na kiti kitupu, kile chenye mto. Sosthène alikuwa amekiwekea koti lake asikikalie mtu mwingine. Nikakaa. Nilikasirika zaidi kwa sababu kilikuwa kizuri.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Mkono wangu niliuona. Mwingine sikuuona. Serah, aliyetoka zamu moja kwa moja, aliinua wake wakati wa Sosthène. Kwenye gari ameniambia alikuwa anaweka kilemba sawa. Kilemba hakuvaa.

Mchungaji akaniomba nimkabidhi mwenyekiti mpya ufunguo. Nikapapasa mifuko yote mbele za watu, mpaka Sosthène akaninong'oneza, "Papa, iko kwangu tangu Alhamisi. Nikurudishie ili unipe?"

Nikaupokea, nikampa. Wakapiga makofi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa katika neno. Hotuba haikuwa na dosari, mtego wa viti haukuwa na dosari. Neno dola ndilo liliniangusha.

Sosthène alipiga simu adhuhuri. Joan amepewa muda na mwenye nyumba. Na yeye, kama mwenyekiti, ananiomba nitoe hotuba nyingine mwezi ujao, kwa kuwa watu walijifunza. Anataka kunifanya msemaji wake, jinsi wafalme wapya wanavyofanya. Nimekubali haraka. Hajui anamfungulia nani mlango.

Maana leo televisheni ya mzee ilihamia Afrika. Kulikuwa na dola nyingine, yenye dhahabu mpaka basi, nayo iliporomoka kwa kuwa na watawala wapole wasio na mkono mgumu. Ni yeye huyo. Anakaribia kutajwa jina.

Tangazo nimeshalituma. Neno dola sikuliweka hata mara moja, nimeandika jina la nchi yenyewe, fupi, herufi nne, mtoto mdogo hawezi kukosea: KUANGUKA KWA MALI. Dalili zake, chanzo chake, na nani wa kulaumiwa.

Simu imeanza kuita. Joan anauliza ni nyumba tu au na magari. Griffins anauliza kama mbuzi nao wamo. Nimemwambia wamo, tena lazima walikuwa wengi sana. Amekata simu bila kuaga.

Watu wana kiu ya historia.