Injini ya Katikati

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi katuita. Treni ya mabehewa mia na ishirini, injini mbele, katikati na nyuma. Kuanzia Alhamisi hii, injini zote zitaendeshwa na dereva wa mbele, kwa redio. Nikauliza, na sisi wa katikati? Akatazama dirishani. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye kiti kile! Na dereva wa mbele ni nani? Shemeji, kaka wa mke wangu. Alicheka mpaka magego yakaonekana.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu anasema kaka yake hana ubaya. Anao. Nimepata wazo: Alhamisi nitajificha ndani ya injini yangu. Mlimani nitavuta breki. Treni itasimama, wajue kwamba injini bila mtu ni kiini macho.

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi ya kujificha chini ya kiti. Magoti hayataki. Fundi akanikuta. Nikamwambia natafuta kifungo cha shati. Akanisaidia kutafuta nusu saa nzima, akakipata. Si changu.

Alhamisi, 7 Machi
Nilijificha. Mlima ulipoanza, injini ikajiongezea nguvu yenyewe, kiti kitupu. Ilipanda kwa upole kuliko mimi. Nililia kidogo, nakiri. Kisha nikavuta breki. Treni nzima ikasimama. Redioni shemeji akaniuliza kama nimeamka salama. Kumbe kioo cha kompyuta yake kinamwonyesha breki ya injini gani imevutwa kwa mkono. Akasema anamjua mwenye mkono.

Ijumaa, 8 Machi
Msimamizi hakufoka. Hilo ndilo lililonitia hofu. Shemeji akanitetea, eti aibu yangu inatosha. Sitamsamehe. Sikufukuzwa, nimepewa kazi mpya. Kabla ya kila safari naingia injini ya katikati na ya nyuma, naziandikia namba ya ile ya mbele ili zijue zimtii nani, na kama zimeelekea mbele au zimegeuka. Kisha nashuka, treni inaondoka bila mimi.

Jumamosi, 9 Machi
Kutoka kichwa hadi mkia wa treni ni karibu kilomita mbili. Miguu imevimba. Shemeji akanipungia mkono kutoka kitini. Lakini nimewaza: nikiiandikia injini ya nyuma kwamba imegeuka na haijageuka, itavuta kinyume na wenzake. Treni haitatoka kituoni, na watarudisha watu kwenye viti vyao. Jumatatu nafanya. Safari hii hakuna wa kunishuku. Kazi ya kuziandikia injini hizo haifanywi na mtu mwingine yeyote, ni mimi peke yangu.