Jiwe la Kija Lahamia Misungwi

Jumatatu, 3 Julai 1995. Pasiansi.

Siku ya ajabu! Binti yangu Kija, miaka kumi na miwili, alimrushia jiwe korongo aliyekuwa akila dagaa wetu walioanikwa. Korongo akaruka. Jiwe likaendelea na safari, likapita dirishani kwa jirani Okwach, mnunuzi wa sangara, likaingia kwenye televisheni yake ya rangi, ya pekee mtaani. Ikatoa cheche moja ya buluu, ikafa. Sijapata kuona kifo kizuri namna ile. Nilivua kofia.

Okwach hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba mtoto akilala kwangu, jiwe lake ni jiwe langu. Ijumaa tukutane baraza la kata.

Jumanne, 4 Julai.

Nimekwenda kwa Bi Teodora, katibu wa baraza. Akanisomea wajibu wa mzazi kwa mtoto aliye chini ya paa lake. Chakula. Mavazi. Malazi. Matibabu. Shule. Na hasara atakayotia. Mungu wangu! Mizigo yote hiyo nimeibeba miaka kumi na miwili, nikidhani ninaishi tu! Nikauliza uko wapi ukurasa wa wajibu wa mtoto kwa mzazi. Akafunua. Mtupu.

Halafu, kwa kejeli, akauliza kama nina shaka mtoto ni wangu. Nuru! Mahari ya mke wangu Evelina ilikuwa ng'ombe kumi na wawili. Nilitoa wanne na baiskeli. Kwa desturi yetu Wasukuma, mahari isipokamilika, watoto ni wa upande wa mama. Basi Kija ni wa baba mkwe, Mzee Ngosha wa Misungwi, pamoja na jiwe lake! Miaka yote nimejilaumu kwa uvivu, kumbe ilikuwa hekima.

Barua nimempa kondakta wa basi la Misungwi. Evelina sijamwambia. Hasira zake ziko karibu.

Ijumaa, 7 Julai.

Mzee Ngosha amekuja, koti jeusi, fimbo mkononi. Nikainama: shikamoo. Marahaba yake ilitikisa madirisha. Nikasimama mbele ya baraza, nikatamka kwamba kwa desturi Kija si wangu. Ufasaha wangu ulinishangaza mwenyewe. Mzee akaomba nirudie, polepole, katibu aandike.

Kisha akasema amelipokea jiwe. Okwach atapewa fahali wawili, auze, anunue televisheni nyingine. Mtu mkubwa namna hii! Nilikaribia kupiga makofi. Ndipo akamwambia Kija akafunge nguo zake.

Kija hakulia. Aliniuliza kama madaftari aende nayo au ni yangu. Evelina alinitazama kama samaki wa juzi.

Jumapili, 9 Julai.

Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Korongo wanne wamemaliza dagaa bila hofu yoyote. Evelina anapika chakula cha mtu mmoja, na mtu huyo si mimi. Nimekaa kwenye kitanda cha Kija nikalia. Naandika hivyo bila aibu.

Jumatatu, 10 Julai. Misungwi.

Nilimwangukia mzee miguuni, nikingoja adai ng'ombe wanane. Akasema ng'ombe wanaweza kungoja, wamezoea, mtoto hawezi. Nirudi barazani nikaseme Kija ni wangu, chakula, shule, mawe na yote. Nilisema pale pale, mbele ya kuku. Nilimtazama mzee yule nikajiona kadogo kweli.

Kija akaja mbio na madaftari yake. Njia nzima alinishika mkono. Sistahili. Nimeapa: ujanja basi!

Jumamosi, 15 Julai. Pasiansi.

Nimekwisha tamka barazani. Okwach naye ameleta televisheni mpya. Lakini ana mwanawe, Odongo, miaka kumi, na Odongo analala kwake. Basi mpira wa Odongo ni mpira wa Okwach! Sheria ni kitu kikubwa mno, inatisha. Nimeweka redio yangu, iliyokufa tangu mwaka juzi, dirishani kwangu, mkabala na uwanja wao wa chandimu. Tatizo, Odongo ni mwoga, anapiga mpira kama anaubembeleza. Nimemwomba Kija amwonyeshe namna ya kupiga kwa nguvu.

Kishindo! Nimechungulia. Redio yangu iko salama. Televisheni mpya haiko salama. Safari hii Okwach anapiga kelele.

Nimechukua karatasi. Baba mkwe, shikamoo. Kuhusu wale ng'ombe wanane...