Ufagio wa Wimbo wa Nne

Jumanne, 4 Novemba
Albamu mpya ya bendi ya Hoteli Amagumo! Rasmi inatoka kesho, ila dukani imefika leo, siku moja kabla, kama kawaida. Santuri nyeupe kama keki ya harusi yetu. Shunpei, mume wangu (mume! wiki tatu sasa!), kasema tuisikilize yote, nyimbo tisa kwa mpangilio, tumeshikana mikono. Bendi hii ndiyo iliyotukutanisha. Fidla, vinubi, filimbi... kama kuelea kwenye maziwa ya moto! Wimbo wa nne ukaanza. Ko! Ko! Ko! Bi Kuramochi, jirani wa ghorofa ya chini, anagonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Tukazima. Tumeapa: wa tisa hatuusikii mpaka tuufikie pamoja.

Alhamisi, 6 Novemba
Sauti tumeipunguza. Wa kwanza, wa pili, wa tatu: shwari. Wa nne: ko! ko! ko! Shunpei anasema tushuke tukamwombe radhi. Mpole jamani, nampenda! Ila mwenye akili hapa ni mimi.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimenunua tiketi ya kushinda kutwa kwenye bafu za maji moto kule Akiu. Nimeambatanisha barua: Hongera, umeshinda bahati nasibu ya mtaa, nenda Jumapili! Bila jina. Nimeitumbukiza kwenye kisanduku chake cha barua. Shunpei hajui kitu.

Jumapili, 9 Novemba
Wimbo wa tatu unaisha, hodi mlangoni. Bi Kuramochi, tiketi mkononi. Kauliza bahati nasibu gani hiyo yenye mwandiko uleule wa majina kwenye kisanduku chetu cha barua. Shunpei kacheka hadi kakaa chini. Bibi kafoka: wiki tatu tumehamia, hata taulo la kujitambulisha, zawadi ya kila mhamiaji kwa jirani, hatujampelekea! Na nani kamfundisha bi harusi kuweka spika sakafuni? Fidla ya wimbo wa nne kapiga yeye, bibi mwenyewe! Karudia mara kumi na saba studio, halafu kwake inashuka besi tupu! Spika kazipandisha mwenyewe juu ya kabati. Tumesikiliza watatu hadi wa tisa. Mkono wa Shunpei mkononi mwangu. Tumelia wote! Akiondoka karudisha tiketi, kasema jirani wa juu naye apelekewe taulo, nimesikia? Nimesema ndiyo, mama.

Jumatatu, 10 Novemba
Taulo nimenunua. La bluu, laini, limempendeza mno Shunpei, kabaki nalo. Jioni, wimbo wa tisa, sauti juu kabisa. Du! Du! Du! Jirani wa juu, kwa kisigino. Tiketi ya Akiu bado ninayo! Barua ya hongera nimeiandika upya. Safari hii kwa mkono wa kushoto.